Kiti cha Dirishani

Wapo sita humu ukumbini, Oulu:
si watu, ni seva. Mtu ni mimi peke yangu,
Aune wa zamu ya usiku, na themosi ya kahawa,
na nje Januari, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
theluji imeutia mlango wa nyuma komeo lake.

Kazi yao ni kuuza tiketi za treni.
Kazi yangu ni kuwasikiliza wakisengenyana.

Maana seva haikai na siri ya mtu.
Ukiingia unapewa kipande chenye namba ndefu,
na yule aliyekupokea, tuseme wa Tatu,
anakufungulia kikao: jina, siku, uendako;
kisha, hujavuta hata pumzi, anamgeukia wa Nne:
"Nishikie na wewe. Lolote laweza kunipata."
Jirani mmoja tu.
Zamani tulijaribu kumwambia kila mmoja kila kitu,
waya zikafurika maneno kama harusi isiyo na mshereheshaji,
kila mtu anamjuza mwenzake, hakuna auzaye tiketi.

Saa nane na dakika kumi na moja wa Tatu alikata roho.
Hakupiga kelele. Feni ilishusha sauti,
taa ya kijani ikawa ya manjano, ikawa si kitu.
Wenzake walimwita mara tatu, kama ipasavyo,
wakagawana wageni wake
bila matanga.

Kati ya wageni hao, mmoja aliandika polepole mno:
herufi, kimya, herufi,
kama achokoaye mwiba kwa kidole gumba.
Sikumjua. Nilijua namba yake,
na kwamba alinyamaza dakika ishirini na sita.
Ya thelathini tungemsahau, ndiyo sheria:
asiyesema nusu saa tunamfukia.
Alirudi ya ishirini na saba.
Wa Nne akampokea kama waliolala kitanda kimoja utotoni:
Karibu tena. Ulisema Kemijärvi hadi Tampere. Ulisema Alhamisi.

Nikamimina kahawa. Nikajisifu.

Asubuhi simu ililia.
"Mimi Urho Kellokumpu. Kiti changu mmekipeleka wapi?"
"Kiti gani?"
"Cha dirishani, upande wa kushoto. Nilikwenda kutafuta miwani.
Narudi, jina mnalo, siku mnayo,
kiti hamkijui. Nani hukumbuka nusu?"

Nikafungua msimbo.
Ili kitu kivuke kwa jirani
sharti kikunjike, kiwe bapa kama barua.
Jina linakunjika. Tarehe inakunjika.
Bali kiti, Joonatan (aliyeacha kazi akaenda kufuga nyuki)
alikiunda na miguu yake yote minne,
kimeng'ang'ania behewa, behewa limeng'ang'ania reli,
hakipiti mlangoni.
Wa Tatu alijaribu kila mara, kila mara akashindwa,
akaandika mstari mmoja wa malalamiko
katika daftari lisilosomwa na mtu.
Miezi minane. Mistari elfu arobaini.
Mficha uchi hazai; naye hakuficha.
Sisi ndio hatukutazama.

Dawa ilikuwa fupi kuliko aibu:
usibebe kiti, beba namba ya kiti.

"Mzee Urho," nikamwuliza, "kwa nini kushoto?"
Simu ikanyamaza. Nikahesabu, kwa mazoea.
"Kuna nyumba, ukishapita Rovaniemi. Niliijenga mwenyewe.
Wanakaa wengine. Treni huipita kwa sekunde nne hivi.
Nataka kuona kama wanawasha taa ya jikoni."

Nilimwandikia kiti kwa mkono, kalamu ya wino,
behewa la tano, namba thelathini na moja,
nikaingiza kwenye mashine, kisha bado sikuondoka.
Inkeri wa zamu ya mchana alikuwa akipangusa theluji mabegani.
Nikampa ile karatasi.
"Ya nini, na imo mashinēni?"
"Nishikie na wewe," nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyekesha sana.
Akaikunja mara mbili,
ikakunjika.